Kupiga picha chupa ya asali: namna ya kuutawala mng'ao wa kioo

Pitia stetasi za WhatsApp za wauza asali wa Tabora. Asali yenyewe ni ya miombo, imetoka Sikonge au Kaliua, imechujwa vizuri, chupa ni ya kioo, lebo imechapwa kwa gharama. Halafu katikati ya chupa anaonekana mtu amenyanyua mikono miwili, nyuma yake geti la bluu, kwenye bega la chupa kuna doa jeupe linaloumiza macho, na asali imetoka nyeusi kama oili chafu. Mteja wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuionja anaangalia mara moja na kupita.

Simu siyo ya kulaumiwa. Simu nyingi za sasa zinaweza kazi hii. Kinachokosekana ni kujua kwamba kioo hakipigwi picha kama kikapu. Kikapu kina rangi na mikunjo yake. Ukikimulika kutoka upande wowote unakiona. Kioo kisafi kinapitisha sehemu kubwa ya mwanga na kurudisha kidogo tu, karibu asilimia 4 kwa kila uso pale mwanga unapokigonga wima, na zaidi ya hapo unapokigonga kwa mshazari. Hicho kidogo ndicho kinachokuumbua. Asilimia 4 ya jua bado ni mwanga mkali kupita asali yote iliyomo ndani, na asilimia 4 ya shati lako jeupe inatosha kukuweka wewe kwenye bidhaa.

Kwa hiyo unapopiga picha chupa, kwa kweli unapiga picha ya vitu vilivyoizunguka. Dirisha, mlango, simu, mikono, dari, vyote viko pale usoni mwake. Na kwa kuwa mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyojia, chupa ya duara, ambayo uso wake umegeukia huku na huku, inaona karibu chumba kizima kwa wakati mmoja. Ukiizungusha hubadilishi kitu. Unachoweza kubadilisha ni kile inachokitazama.

Jambo moja zaidi kabla ya kuanza, maana watu wengi huanza na lengo lisilo sahihi: usijaribu kuondoa mng'ao wote. Kioo kisicho na mng'ao wowote hakionekani. Kingo zinapotea na asali inabaki imesimama hewani bila chombo. Tunachagua mng'ao upi ubaki, wapi, na uwe na umbo gani.

Chumba na saa

Piga ndani. Najua nje kuna mwanga mwingi na wa bure, lakini nje chupa inaona anga, mwembe, ukuta wa jirani na bodaboda inayopita, na huna mamlaka juu ya hata kimoja. Isitoshe, Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linasimama utosini, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Linapiga kifuniko na mabega ya chupa moja kwa moja, huku tumbo lake likibaki gizani.

Tafuta chumba chenye dirisha lisiloingiza jua lenyewe bali mwanga wake tu. Katikati ya mwaka, Juni na Julai, jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini linakaa kivulini siku nzima. Desemba mambo yanageuka, tumia la kaskazini. Kama una dirisha moja tu na linatazama mashariki, subiri mchana. La magharibi, piga asubuhi.

Zima taa zote. Kila balbu inajichora kwenye chupa kama kidoti, na rangi yake haipatani na mwanga wa dirishani, hivyo upande mmoja wa asali unakuwa wa njano na mwingine unaelekea bluu. Funga mlango pia, isipokuwa kama utauhitaji baadaye.

Vitu vya kuwa navyo

Shuka jeupe jembamba lisilo na maua. Karatasi za manila, nyeupe tatu na nyeusi nne. Ukikosa nyeusi, baibui kuukuu linafaa sana. Wembe au mkasi, selotepu, vibanio vya kuanikia nguo, meza, na stendi ya simu. Stendi ikikosekana, jaza mchanga kwenye kopo uichomeke simu humo, au ibane kati ya matofali mawili. Muhimu isishikwe mkononi, kwa sababu utahitaji mikono yote kuhamisha karatasi huku ukitazama kwenye skrini kinachobadilika.

Hatua ya kwanza: osha, halafu osha tena

Hapa ndipo nusu ya picha nzuri inapopatikana, na ndipo watu wanapoharakisha. Jicho husamehe vumbi, kamera haisamehi. Mwanga ukitoka nyuma ya chupa, kila alama ya kidole inawaka.

Osha chupa tupu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kisha futa nje kwa kitambaa chenye siki kidogo au spiriti. Kausha kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kile cha kufutia miwani ndicho bora. Kuanzia hapo usiishike kwa vidole vitupu. Ishike kwa kitambaa, sehemu ya kifuniko na kitako. Gundi ya lebo ya zamani iliyobaki hutoka kwa kusuguliwa na mafuta ya kula, kisha sabuni. Kiangazi, upepo wa Tabora unapoingiza vumbi hadi ndani ya kabati, fanya usafi wa mwisho chupa ikiwa tayari mezani, sekunde chache kabla ya kupiga.

Kagua chupa zako uchague moja ya kupigwa picha. Nyingi zina mshono wa kiwandani, mstari mwembamba unaoshuka ubavuni. Geuza chupa mshono uwe pembeni kabisa au nyuma ya lebo. Tazama pia kama kioo kina viputo au mawimbi. Chupa ya namna hiyo iuze, usiipige.

Na asali? Ijaze hadi shingoni, mstari wa juu usionekane katikati ya bega. Iache itulie hadi povu na viputo vipande juu, uviondoe kwa kijiko. Kama imeganda na wewe unauza ikiwa ya maji, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi joto 40, na uwe na subira. Moto mkali unaharibu ladha na kuitia weusi, na weusi huo utaonekana kwenye picha. Kama unaiuza ikiwa imeganda, ipige ikiwa imeganda. Kuganda ni tabia ya asali halisi, sukari yake ya glukosi inajitenga na kufanya chembe. Sioni kwa nini mtu aone aibu kuionyesha.

Hatua ya pili: mwanga wa nyuma

Tandaza shuka dirishani, libane kwa vibanio lisiwe na mikunjo. Sogeza meza hadi chupa iwe kama mita moja kutoka kwenye shuka. Simu ikae upande wa pili, ikitazama dirisha, chupa katikati. Ndiyo, unapiga ukiwa umeelekea mwangani, kinyume cha tulivyofundishwa tangu utotoni. Asali inataka mwanga upite ndani yake. Ukiimulika kwa mbele, mwanga unazama humo na haurudi, ndiyo sababu inatoka nyeusi.

Sasa tazama kingo za chupa kwenye skrini. Kama shuka ni pana kuliko picha yako, kingo zitakuwa zimefifia, zinayeyuka kwenye weupe. Sababu ni kwamba pembezoni mwa chupa kioo kinapindisha na kuakisi kile kilicho kando, na kilicho kando bado ni shuka jeupe. Dawa yake: chukua manila nyeusi, au baibui, uzibe shuka kutoka kushoto na kulia, polepole, hadi weupe unaobaki ujaze picha tu na usizidi. Kadiri weusi unavyokaribia mpaka wa picha, utaona mstari mwembamba mweusi ukijichora ubavuni mwa chupa, kutoka kifunikoni hadi kitakoni. Huo ndio umbo la kioo. Ukiuona mara ya kwanza hutahitaji kuelezwa tena.

Kama mistari bado ni hafifu, simamisha vipande viwili vyembamba vya manila nyeusi, virefu kuliko chupa, mmoja kila upande, nje kidogo tu ya picha. Ukivisogeza karibu, mstari unanenepa, ukivirudisha, unakonda. Mimi napenda uwe mwembamba. Mnene unaifanya chupa ionekane imechorwa kwa kalamu.

Hatua ya tatu: lebo isome

Mwanga ukitoka nyuma peke yake lebo inakuwa kivuli. Chukua manila nyeupe, isimamishe mbele ya chupa upande mmoja, ikiwa imeinama kidogo kuelekea lebo, nje ya picha. Itakusanya mwanga wa dirishani na kuurudisha kwenye karatasi ya lebo. Upande mmoja unatosha kwa chupa nyingi. Ukiweka pande zote mbili sawasawa, utapata michirizi miwili meupe inayofanana kwenye mabega, na chupa inakosa uhai.

Huo mchirizi mmoja mweupe ubaki. Ni mng'ao tuliouchagua wenyewe, unaomwambia mtazamaji kwamba hiki ni kioo na ni duara. Ukiona umekatika katikati au una kona, kata manila iwe ndefu, ianzie juu ya kifuniko na kuishia chini ya kitako.

Kama lebo ina plastiki ya kung'aa juu yake, itakusumbua zaidi. Usiongeze mwanga, hamisha manila nyeupe iende pembeni zaidi, hadi mng'ao utoke kwenye maandishi na kuangukia kwenye kioo.

Hatua ya nne: iwashe asali kutoka nyuma

Asali iliyokolea, hasa ile ya rangi ya kahawia, bado inaweza kuonekana nzito hata dirisha likiwa nyuma yake, kwa sababu lebo inaziba na chupa imejaa. Kata kipande cha manila nyeupe chenye umbo la chupa, kiwe chembamba kuliko chupa kidogo na kiishie chini ya usawa wa asali. Kisimamishe nyuma ya chupa, vidole vitatu hivi kutoka kwenye kioo, kikiwa kimeinamishwa, kisha ruhusu mwanga kutoka ubavuni ukigonge kwa mbele. Hapa ndipo mlango ulioufunga unapopata kazi: ufungue kidogo. Mwanga unaotoka kwenye kipande hicho unapita katikati ya asali, na rangi ya dhahabu inajitokeza. Kipande kisionekane hata ncha yake pande zote za chupa.

Chupa ikiwa imejaa asali ina faida moja na hila moja. Faida: asali inapindisha mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo ukuta wa ndani wa chupa hauakisi tena kwa kiasi cha kuonekana, unabaki na uso wa nje tu wa kushughulikia. Chupa tupu ina nyuso zote mbili, ndiyo maana ni ngumu zaidi. Hila: chupa iliyojaa inakuwa lenzi. Weka gazeti nyuma yake umbali wa hatua moja uone maandishi yanavyogeuka, kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo doa la kijani upande wa kulia wa asali huenda linatoka kwa pazia lililo kushoto.

Hatua ya tano: jifiche

Wewe na simu yako mpo mbele ya chupa, na chupa inawaona. Vaa nguo nyeusi. Toa kava la simu kama ni la rangi. Kisha ninginiza baibui au manila nyeusi kati yako na chupa, ukiwa umekata tundu la ukubwa wa kamera, na simu ichungulie hapo. Sehemu yote ya mbele inakuwa giza kwa chupa, na giza haliakisiwi. Hii hatua peke yake itaondoa mtu mwenye mikono juu kwenye picha zako, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Kifuniko cha bati kina mambo yake. Kinaona juu, yaani dari. Dari ikiwa na mbao na misumari, kifuniko kitakuwa na mbao na misumari. Shika manila nyeupe juu ya chupa, nje ya picha, na kifuniko kitakuwa na rangi moja tulivu.

Hatua ya sita: simu

Futa lenzi. Zima flashi. Usiisogeze simu karibu mno kwa lenzi pana, maana mabega ya chupa yatavimba na kitako kitakonda. Rudi nyuma hatua moja au mbili na tumia lenzi ya kuvuta kama simu inayo. Kama haina, piga ukiwa mbali kidogo kisha ukate picha baadaye. Lenzi iwe usawa wa katikati ya chupa au juu kidogo.

Gusa skrini kwenye lebo na ushikilie hadi fokasi ijifunge. Simu ikiona weupe mwingi nyuma inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inafifisha kila kitu na shuka linakuwa kijivu. Pandisha mwanga kwa kuburuta alama ya jua juu, hadi shuka liwe jeupe na kingo nyeusi zibaki kali. Ukipitiliza, kingo zinaanza kuliwa, rudi chini. Weka saa ya kuchelewesha ya sekunde 3 ili kidole chako kisitikise simu.

Kumsaka mng'ao mkaidi

Utafika mahali kila kitu kimekaa sawa ila kuna doa moja hujui linatoka wapi. Kwanza, ingiza manila nyeusi nyuma ya chupa, iiguse kabisa. Doa likitoweka, linapita ndani ya asali kutoka nyuma. Likibaki, limeakisiwa kutoka mbele au pembeni.

La pili hili linahitaji watu wawili. Mmoja anatazama skrini bila kuondoa jicho, mwingine anapitisha mkono hewani taratibu kuzunguka chupa. Nilikuwa na mama mmoja muuza asali wa Isevya, doa limekaa pembeni ya jina la bidhaa yake kabisa.

"Mama, sogeza mkono kushoto. Taratibu."

"Hapa, baba?"

"Juu kidogo. Rudi... hapohapo, usiondoe."

Mkono ulikuwa umeelekea kwenye mwanya wa mlango, na nje ya mwanya kulikuwa na sufuria zimeanikwa kichanjani, zinapiga jua. Tungehamisha chupa asubuhi nzima tusingezipata. Mkono ukiziba doa, nyosha jicho kutoka kwenye chupa kupitia mkono huo. Kitu unachokutana nacho ndicho chenye hatia.

Vyombo tupu, mawese, na fremu za ukutani

Kwa glasi tupu au chupa isiyo na kitu, mandhari meupe yanafaa, lakini jaribu pia kinyume chake. Acha shuka lote la dirishani wazi, kisha bandika katikati yake manila nyeusi inayojaza picha yako kamili. Mwanga unazunguka kutoka pande za ile nyeusi, na chombo kinaonekana kwa mistari meupe kwenye giza. Ni nzuri ajabu, ila haina huruma na vumbi. Na asali usiipige hivi isipokuwa ukiwa na kile kipande cha manila nyuma yake.

Wenzetu wa Kigoma wenye mawese kwenye chupa watakutana na tatizo jingine. Mawese yakipoa yanaganda kiasi, sehemu nzito inashuka chini na ya maji inakaa juu, na sehemu iliyoganda haipitishi mwanga. Ama uyapashe kwa maji ya moto hadi yawe angavu yote, upige haraka, au ukubali yalivyo na umulike kwa mbele kwa manila mbili nyeupe.

Picha za zamani zilizo kwenye fremu ni rahisi, kwa kuwa kioo chake ni bapa na kinatazama upande mmoja tu. Simama mbele yake na lile baibui lenye tundu, mwanga uje kutoka pembeni kwa mshazari, basi.

Kuhusu filta ya polaraiza

Ni kioo cha kuvalisha lenzi, kinachoweza kuzuia sehemu ya mwanga ulioakisiwa. Utaambiwa ununue. Inasaidia, lakini siyo kama wanavyosema. Inakata mng'ao wa kioo vizuri zaidi pale mwanga unaoakisiwa unapokuwa kwenye pembe ya kama nyuzi 56 kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo. Ukitazama kioo uso kwa uso haifanyi lolote. Kwenye chupa ya duara ni utepe mmoja tu wa uso wake utakaokuwa kwenye pembe hiyo. Na kifuniko cha bati hakiisikii kabisa. Inafaa zaidi kwa vioo bapa, kama madirisha ya maduka na makabati. Ukitaka kuonja kabla ya kutoa hela, azima miwani ya jua ya aina hiyo, iweke mbele ya lenzi na uizungushe polepole. Fedha ya filta mimi ningeinunulia manila na stendi nzuri.

Kusafisha picha

Futa vumbi lililobaki, nyoosha chupa kama imelala, kata pembeni. Rangi ya asali iguse kwa adabu. Mnunuzi anachagua kwa rangi, na akipokea chupa nyeusi kuliko ya kwenye picha ataamini umemchanganyia. Njia ya uhakika ni kupiga picha moja ya majaribio yenye kipande cha manila nyeupe kando ya chupa, urekebishe rangi hadi manila iwe nyeupe kweli, halafu utumie marekebisho hayohayo kwa picha zote za siku hiyo.

Kabla hujatoa vitu mezani, bandika selotepu kuweka alama mahali kila kitu kiliposimama: miguu ya meza, stendi, manila zote, kitako cha chupa. Andika kwa kalamu kipi ni kipi. Mzigo mpya ukiingia utapanga haraka, na chupa zako zote, za robo, nusu na kilo, zitafanana kwenye ukurasa wako kana kwamba zilipigwa siku moja.